Kabla Hujasema Imegoma

Wanangu mlioanza Linux mwaka huu, na hasa nyinyi mnaojiandaa kusimamia seva za watu, haya nawaandikia nyinyi.

Swali linalonifikia kuliko yote ni hili: "Mzee, mashine imegoma kuwaka, nifanyeje?" Nikiuliza imegomea wapi, naambiwa haiwaki tu. Hapo hata fundi bingwa hana pa kuanzia. Kompyuta ya Linux haiamki kwa mkupuo mmoja. Inaamka kwa kupokezana, kama mbio za vijiti. Programu ndogo iliyomo ndani ya mashine tangu kiwandani inaipokeza GRUB, GRUB inaipokeza kerneli, kerneli inaipokeza systemd, na systemd inainua huduma zilizopangwa mpaka unapoona mahali pa kuandika jina lako na neno la siri. Mashine ikigoma, ujue yupo mmoja aliyepokea kijiti asikifikishe. Ukishamjua ni yupi, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu kila mmoja ana mafaili yake ya mipangilio na ana namna yake ya kulalamika.

Mifano yangu ni ya Debian 12, iliyotoka Juni 2023. Ubuntu imetokana na Debian, kwa hiyo karibu yote yataingia huko pia. Mwenye Fedora atakuta mfuatano uleule, ila amri mbili tatu zina majina mengine.

Mwanzo kabisa ni BIOS, au UEFI kwa mashine za miaka ya karibuni, na hapa sitakaa sana. BIOS ya zamani inasoma baiti 512 za kwanza za diski, na katika hizo ni 446 tu zilizoachiwa programu ya kuwashia. Nyingine ni jedwali la patisheni na alama ya kufungia. UEFI ina nafasi zaidi. Inasoma patisheni yake maalumu ya aina ya FAT, ambayo Debian huipachika kwenye /boot/efi, na inatunza orodha ya mifumo iliyomo kwenye mashine. Amri ya efibootmgr inakuonyesha orodha hiyo. Jambo moja tu nataka mlishike hapa: ukisakinisha Windows juu ya mashine iliyokuwa na Linux kisha Linux "ikapotea", mara nyingi haikufutwa. Windows imejipanga mbele kwenye orodha, basi. Ingia kwenye mipangilio ya UEFI urudishe mpangilio. Nimeona watu wanafuta diski nzima na kazi zao za mwaka kwa tatizo la kubadilisha mstari mmoja wa orodha, na inauma sana.

Kisha inakuja GRUB. Hii ndiyo ile menyu inayokuuliza unataka kuwasha mfumo gani. Kama haijitokezi, bonyeza Esc kwenye mashine ya UEFI, au shikilia Shift kwenye ya BIOS, mara tu baada ya kuiwasha. Mipangilio ya GRUB mnayoruhusiwa kuigusa imo kwenye /etc/default/grub. Lipo faili jingine, /boot/grub/grub.cfg, refu na lenye kuvutia kulihariri. Liacheni. Hilo linaandikwa na mashine yenyewe, na siku kerneli mpya ikisakinishwa litaandikwa upya na kila ulichokiweka humo kitafutika. Hariri /etc/default/grub, kisha endesha update-grub, nayo italitengeneza grub.cfg kwa ajili yako.

Na kwa kuwa tupo hapo, fanyeni mabadiliko haya leo. Ndani ya faili hilo mtakuta mstari unaoanza na GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, na mara nyingi neno "quiet" limo ndani yake. Neno hilo linaiambia kerneli inyamaze wakati wa kuamka. Liondoeni. Endesheni update-grub, washeni upya, muone maandishi yakishuka kwenye skrini. Mwanzoni hamtayaelewa, na hilo si tatizo. Baada ya wiki chache jicho litakuwa limezoea sura ya mashine yenu ikiwa nzima, na siku ikiwa na kasoro mtaona tofauti kabla hamjajua maana yake. Watengenezaji wanatuficha maandishi haya ili skrini ipendeze. Kwa mtu anayejifunza, naona wanamnyima darasa.

GRUB ikishindwa kabisa, skrini itabaki na maneno "grub rescue>". Maana yake ni kwamba kipande chake cha kwanza kimeamka lakini hakikuona patisheni yenye mafaili yake mengine. Mtu aliyetoka kufuta patisheni "isiyotumika" jana usiku ndiye anayekutana na ujumbe huu asubuhi.

Baada ya GRUB ni kerneli. Hii ndiyo Linux yenyewe, kazi ambayo Linus Torvalds aliitangaza tarehe 25 Agosti 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Mengine yote mnayoyaita Linux, kuanzia amri za terminali hadi madirisha na aikoni, yameongezwa juu yake na watu wengine. Kwenye /boot kerneli imo katika faili ambalo jina lake huanza na vmlinuz, na pembeni yake lipo jingine linaloanza na initrd.img. Hilo la pili wengi hawaliulizi, nalo ndilo lenye visa vingi. Ni mfumo mdogo unaopakiwa kwenye RAM ukiwa na madereva ya kutosha kuifikia diski yako halisi. Kerneli inaamkia humo kwanza, inatafuta diski, inaipachika, kisha inahamia huko na kuendelea.

Sasa sikilizeni kisa cha /boot iliyojaa, kwa maana kinarudi kila mara. Seva imesakinishwa na patisheni ya peke yake ya /boot, ndogo. Kila sasisho linaleta kerneli mpya, na za zamani zinabaki. Siku moja nafasi inakwisha katikati ya sasisho: kerneli imeandikwa, initrd.img yake haikutosha. Hakuna anayegundua, kwa sababu seva inaendelea na kerneli ya zamani iliyokwisha kuwaka. Miezi inapita. Umeme unakatika, unarudi, na skrini inaandika "Kernel panic", na chini yake maneno yanayoishia na "unknown-block(0,0)". Ile sifuri na sifuri inasema wazi kwamba kerneli haikuona diski yoyote, maana mfumo wake mdogo wa kuifikia diski haupo. Dawa yake ni nyepesi ukijua ulipo. Washa upya, kwenye menyu ya GRUB ingia kwenye chaguo la pili lenye kerneli za zamani, chagua iliyotangulia, nayo itawaka. Kisha safisha kwa apt autoremove --purge, na utengeneze upya kwa update-initramfs -c -k all. Ila dawa bora kuliko hiyo ni kuandika df -h kabla ya kila sasisho na kuangalia safu ya asilimia.

Kisa kingine cha hatua hii ni cha sisi tunaoishi na umeme wa kukatikakatika. Mashine ikizimika ghafla, inaweza ikaamka na kukuacha kwenye alama ya "(initramfs)", na juu yake maneno yanayokutaka uendeshe fsck kwa mkono. Vijana wanaogopa hapa wakidhani diski imekufa. Sivyo. Mfumo wa ext4 una jarida: kabla ya kubadilisha mpangilio wa diski huandika kwanza inachokusudia kufanya, ili ikikatizwa iweze kumalizia. Mara nyingi jarida linatosha na huoni chochote. Safari hii halikutosha, kwa hiyo inakuomba ruhusa. Soma jina la patisheni iliyotajwa kwenye ujumbe, tuseme /dev/sda2, andika fsck /dev/sda2, jibu maswali, kisha andika reboot.

Lakini kabla hujaandika hiyo fsck, pandisha macho usome mistari ya juu. Ukiona "I/O error" ikijirudia, acha. Hapo diski yenyewe ndiyo mgonjwa, na fsck inaandika kwenye diski. Ukiifanyisha kazi nzito diski inayokata roho unaweza ukapoteza hata kile ambacho kingeokolewa. Washa mashine kwa flashi yenye Debian au Ubuntu ya majaribio, toa kwanza nakala ya data ya mwenyewe, ndipo ufikirie kutengeneza. Tena jarida la ext4 linalinda mpangilio wa mafaili. Barua uliyokuwa unaiandika na hujaihifadhi halikuahidi kuilinda. Kwa hiyo UPS kwa seva ya ofisi msiihesabu kuwa anasa, hata ile ndogo ya dakika kumi inayotosha kuizima mashine kwa utaratibu.

Kerneli ikishaipata diski, inaanzisha programu moja tu, nayo inachukua namba 1. Kila kinachoendeshwa baada ya hapo ni mtoto au mjukuu wake. Zamani namba 1 ilikuwa init ya mtindo wa System V, ikisoma /etc/inittab na kuendesha skripti kwa zamu. Ubuntu ilijaribu Upstart mwaka 2006. Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers wakaleta systemd, Fedora ikaifanya ya msingi mwaka 2011, Debian ikafuata kwa toleo la 8 mnamo Aprili 2015. Uhamaji huo ulileta ugomvi mkubwa, na wapo waliojitenga na Debian kwa sababu yake. Ugomvi huo mtaukuta bado una moto. Ushauri wangu ni msiurithi. Jifunzeni kilichomo kwenye mashine mtakayokabidhiwa kazini, na leo karibu kila mahali kilichomo ni systemd.

Historia hiyo nimeitaja kwa sababu ya vitabu. Mnasoma kitabu cha mwaka 2008, kinawaambia mhariri /etc/inittab, mnatafuta faili hamlioni, mnadhani mmekosea kusakinisha. Hamjakosea. Vivyo hivyo kwa /var/log/syslog: kwenye Debian 12 mpya hamtalikuta, kwa sababu programu iliyokuwa ikiliandika haisakinishwi tena yenyewe. Kabla ya kufuata maelekezo yoyote angalieni yaliandikwa mwaka gani na kwa toleo gani. Na mkiweza kusoma Kiingereza kidogo, mwalimu mwaminifu kuliko wote mnaye ndani ya mashine: man bootup, man fstab, man systemd.unit. Hayo yamekuja pamoja na toleo lenu lenyewe.

Kwenye systemd kuna mkanganyiko mmoja nimewaeleza wanafunzi wengi kuliko mwingine wowote. Kuanzisha huduma sasa hivi ni jambo moja. Kuipanga ianze kila mashine inapowaka ni jambo jingine. systemctl start ssh inaianzisha sasa, na ukizima mashine imesahaulika. systemctl enable ssh haianzishi chochote. Inaweka kiungo tu kwenye orodha ya vitu vya kuinuliwa wakati wa kuwaka. Ukitaka vyote viwili kwa pamoja, andika systemctl enable --now ssh. Kijana anaweka hifadhidata ya kliniki, anaianzisha kwa start, inafanya kazi vizuri, anapokea malipo yake anaondoka. Wiki ya pili umeme unakatika na asubuhi wauguzi hawaoni faili la mgonjwa hata mmoja. Kosa ni neno moja ambalo halikuandikwa.

Ukitaka kujua hali ya huduma, systemctl status na jina lake. Soma mistari ya mwisho ya jibu, usiishie kwenye rangi. Ukitaka maelezo marefu, journalctl -u na jina la huduma. Ukitaka yote ya tangu mashine iwake, journalctl -b. Ya mwamko uliotangulia, journalctl -b -1. Hii ya mwisho ni hazina, kwa sababu inakuonyesha mashine ilikuwa inasema nini muda mfupi kabla haijazimika.

Kubadilisha mipangilio ya huduma nako kuna adabu yake. Mafaili yaliyoletwa na Debian yamo kwenye /lib/systemd/system au /usr/lib/systemd/system, ambazo kwenye Debian 12 ni mahali pamoja. Hayo ni ya Debian. Ya kwako yawe kwenye /etc/systemd/system, na yakigongana, ya kwako ndiyo yanayosikilizwa. Tumieni systemctl edit pamoja na jina la huduma. Itafungua faili la nyongeza uandike ile mistari michache tu unayotaka ibadilike. Sasisho likija litabadilisha la kwake, la kwako halitaguswa. Ukigusa lao, sasisho litalifuta bila kukuuliza. Ukishajua faili ni la nani, utajua kama una haki ya kulishika, na kanuni hii inakwenda mbali zaidi ya systemd: /etc ni yako msimamizi, /usr ni ya mfumo, na folda ya nyumbani ni ya mtumiaji.

Nimefika kwenye /etc/fstab, na hapa nataka tutulie. Ni faili dogo linaloeleza diski gani ipachikwe wapi, na ndilo lililolaza seva nyingi kuliko kirusi chochote nilichowahi kukisikia. Mstari wake una safu sita: kifaa, mahali pa kupachika, aina ya mfumo wa mafaili, chaguo, kisha tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni ya programu ya zamani ya nakala za akiba, siku hizi inawekwa 0. Ya pili inasema fsck ikague kwa zamu gani: 1 ni ya patisheni kuu, 2 ni ya nyingine, 0 maana yake isikague.

Tuseme umenunua diski ya nje ya kuwekea picha, unataka ipachikwe yenyewe. Unaandika:

/dev/sdb1 /mnt/picha ext4 defaults 0 2

Leo itafanya kazi. Kesho ukichomeka flashi kabla ya kuwasha, flashi inaweza ikachukua jina la sdb na diski yako ikawa sdc. Majina hayo yanatolewa kwa kufuata aliyejitokeza kwanza. Kwa hiyo tumia UUID, namba ndefu iliyoandikwa ndani ya patisheni yenyewe. Utaiona kwa amri ya lsblk -f. Tatizo la pili ni zito zaidi. Siku ukiiacha diski hiyo nyumbani, systemd itakaa ikiisubiri. Utaona nyota nyekundu ikicheza kwenye skrini na saa ikihesabu kuelekea dakika moja na nusu. Muda ukiisha, systemd inahesabu kwamba diski ulizosema ni za lazima hazikutimia, inasimamisha kila kitu, na kukutupa kwenye hali ya dharura inayodai neno la siri la root. Seva nzima imelala kwa sababu ya diski ya picha. Neno linalokosekana ni nofail:

UUID=namba-yako /mnt/picha ext4 defaults,nofail 0 2

Kwa neno hilo unaiambia: ikiwepo ipachike, isipokuwepo endelea na safari. Diski yoyote ambayo mfumo unaweza kuishi bila hiyo, iandikieni nofail. Na baada ya kuhariri, kabla ya kufikiria kuwasha upya, endesheni findmnt --verify, kisha systemctl daemon-reload, kisha mount -a. Zikipita bila lawama, mstari wenu una uhai. Hizo ni sekunde tano tu.

Ukishakwama kwenye hali ya dharura na unalo neno la siri la root, liandike, kisha mount -o remount,rw / ili uruhusiwe kuandika, hariri fstab kwa nano, uweke alama ya # mbele ya mstari wenye kasoro, halafu systemctl reboot. Usiufute, uweke # tu, ili baadaye uone ulikuwa umeandika nini. Ila wengi wenu mlisakinisha Debian mkaacha neno la siri la root wazi ili mtumie sudo. Hapo root imefungwa, na mashine itakwambia haiwezi kukufungulia. Njia ipo. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake uongeze init=/bin/bash, kisha bonyeza Ctrl na x. Kerneli itaamka na badala ya kuipa systemd namba 1, itaipa bash, wala hutaulizwa neno la siri. Pachika upya kwa kuandika, rekebisha, andika sync, kisha reboot -f.

Mmeona hilo? Mtu yeyote anayeweza kukaa mbele ya kibodi ya seva yako anaweza kufanya hivyohivyo. Nimewafundisha kwa sababu ni ufunguo wa halali wa msimamizi, na papo hapo mjue kwamba neno la siri halilindi mashine iliyo mikononi mwa mwizi. Kinachoilinda ni diski iliyosimbwa tangu siku ya kusakinisha, pamoja na kitasa cha mlango. Laptopu zenu mnazopanda nazo daladala zisimbeni.

Kuna maswali mengine yanayofanana na haya ingawa hayahusu kuwaka. La kwanza: "Nimeongeza njia kwenye PATH ndani ya .bashrc, mbona huduma yangu haiioni?" Kwa sababu .bashrc inasomwa na bash inayoongea na wewe kwenye terminali. Huduma inayoinuliwa na systemd haikupita nyumbani kwako, na cron pia haikupita. Huduma iandikie mazingira yake ndani ya faili lake, kwa Environment=, na utaje njia kamili ya programu. Ukiingia kwa SSH, bash inasoma /etc/profile, kisha .bash_profile, na isipokuwepo .bash_login, na isipokuwepo hiyo ndipo .profile. Inachukua la kwanza inalolikuta tu. Ndiyo maana mtu akiunda .bash_profile mpya yenye mstari mmoja, mambo aliyoyazoea kwenye .profile yananyamaza ghafla.

La pili ni la saa. Mashine yenye Windows na Linux inaonyesha saa tatu mbele au saa tatu nyuma kila ukihama mfumo mmoja kwenda mwingine. Linux hudhani saa ya ndani ya mashine imewekwa kwa UTC, Windows hudhani ni ya hapa nyumbani, na sisi wa Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima. Andika timedatectl uone mashine inaamini nini. Mimi huona ni afadhali kuifundisha Windows itumie UTC, lakini timedatectl set-local-rtc 1 nayo inamaliza ugomvi, ingawa itakupa onyo. Kama saa inarudi nyuma miaka kila umeme ukikatika, hilo ni jambo lingine: betri ndogo ya CR2032 imekwisha, jambo la kawaida kwenye kompyuta zilizotumika. Usilipuuze. Mashine yenye tarehe ya uongo itakataa vyeti vya tovuti, na apt itakwambia faili la hazina yake bado halijaanza kutumika, nawe utalaumu intaneti siku nzima.

Mkija kuuliza, njooni na maneno halisi ya kwenye skrini. Piga picha kwa simu. Sema ni Debian gani au Ubuntu gani, sema ulibadilisha nini mara ya mwisho ilipokuwa nzima. Hilo la mwisho ndilo mnalolificha kwa aibu, na mficha maradhi kifo humuumbua. Hakuna msimamizi wa maana atakayekucheka kwa kuhariri fstab. Atakachochoka nacho ni kutafuta kwa saa mbili jambo ambalo ungelisema kwa sentensi moja.

Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kabla ya kukibadilisha nakilini: cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani. Mkitaka utaratibu bora zaidi, sakinisheni etckeeper, inayotunza historia ya /etc yote kwa git. Pale penye chombo cha kukagua, kitumieni: sudoers haihaririwi kwa nano tupu, inahaririwa kwa visudo, maana kosa moja la herufi humo linaweza kukunyima sudo. Mipangilio ya SSH inakaguliwa kwa sshd -t. Na kwa seva iliyo mbali, usifunge dirisha ulilokwisha kuingia nalo mpaka umefungua la pili na kuona linaingia. Kwa Ubuntu ipo netplan try, inayojaribu mtandao mpya na kurudisha wa zamani baada ya sekunde 120 usipothibitisha. Aliyeitunga bila shaka alishawahi kusafiri usiku kwenda kufungua seva.

Nimalizie na hofu ya kuwasha upya. Wapo wasimamizi wanaojivunia seva isiyozimwa kwa miaka miwili. Mimi seva hiyo inanikosesha usingizi. Ndani yake kuna miaka miwili ya mabadiliko ambayo hayajawahi kupita njia yote kuanzia GRUB hadi huduma ya mwisho: kerneli mpya ambayo haijawaka, mstari wa fstab usiojaribiwa, huduma iliyoanzishwa kwa start bila enable. Kwetu umeme utaizima siku moja, na hautachagua saa. Ichagueni nyinyi. Waambieni watumiaji mapema, chukueni Jumamosi asubuhi, hakikisheni nakala ya akiba ipo na flashi ya kuwashia iko mfukoni, kisha andikeni systemctl reboot mkiwa mmekaa mbele ya skrini. Ikiamka, andikeni systemctl --failed kuona huduma iliyoanguka, journalctl -b -p err kuona makosa yaliyoandikwa, na systemd-analyze blame kuona nani aliichelewesha. Kilichokosekana kirekebisheni hapohapo, kisha iwasheni tena mara ya pili.